Mfumo Aliouchagua Mama

Mama yangu aliniambia wazi anataka mfumo upi wa kompyuta. Nalitanguliza hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikiachiwa nafasi kidogo nitaanza kueleza habari za kasi ya diski na ukubwa wa kumbukumbu, mpaka msomaji asahau aliyekosea ni nani. Alichagua kwa mdomo wake, akanionyesha kwa kidole, na mimi nikaweka mwingine.

Nafanya kazi katika sekretaria moja karibu na gare, stendi ya mabasi ya Kamembe. Ni chumba kimoja tu. Tunachapa barua, tunatoa fotokopi, tunawajazia watu fomu za mtandaoni. Mtandao wetu pale unakuja kwa waya, hauishi wala haupimwi, na nadhani huo waya ndio ulioniharibu kichwa. Mtu akizoea mtandao usioisha anasahau kwamba nyumbani kwake wanakula mega za simu, data ya kununua kwa kipimo.

Mama ni mfanyabiashara. Anachukua mchele Bugarama, anauvusha daraja la mpakani kwenda Bukavu, anarudi na vitenge. Alizaliwa Bukavu, akaolewa upande huu wa Rwanda, na mama yake, yaani bibi yangu, alibaki kule pamoja na mama mdogo, mtoto wa mwisho wa familia. Ukisimama uani kwetu unaona mtaa wao ng'ambo ya maji, mabati yanang'aa jua likipanda. Ni karibu kiasi kwamba mvua ikinyesha kwao unaiona kabla haijafika kwetu.

Bibi alipoanza kuvimba miguu na kushindwa kutoka nje, mama aliniomba nimtafutie njia ya kumwona kila asubuhi. Simu yake ilikuwa na kioo kidogo chenye nyufa, na macho yake yamechoka. Alisema kwenye simu anamwona bibi kama picha ya kitambulisho. Nyumbani tulikuwa na laptopu moja ya mitumba, tuliyoinunua Bukavu. Ilikuwa na mfumo endeshi wa zamani uliokwisha muda wake, na kuwaka tu ilichukua muda wa kusonga ugali. Nikamwambia asijali, nitamwekea Linux. Nilitamka neno hilo kwa kujipiga kifua, nakumbuka.

Kwa asiyejua, Linux si kitu kimoja. Ni ukoo mkubwa wa mifumo huria, ya bure, kila mmoja na tabia yake, na wapenzi wake wanabishana juu yake kama watu wa mpira. Mimi nilikuwa mmoja wa wabishi hao. Kulikuwa na kundi letu mtandaoni ambamo tunaonyeshana picha za skrini zetu, nani kapamba vizuri zaidi, nani ana toleo jipya zaidi. Upuuzi mtupu, lakini ulikuwa upuuzi wangu na niliupenda.

Milango miwili kutoka kazini kwetu kuna fundi wa kompyuta, mtu wa familia za Waislamu wa zamani wa Kamembe, mpole, haishi kuvaa kofia yake ya kufuma. Nilimwendea nikiwa na flashi mbili. Moja ilikuwa na Debian, mfumo mtulivu, wa zamani kidogo, usiopenda kubadilikabadilika. Nyingine ilikuwa na mfumo ambao jina lake silitaji, maana kosa halikuwa lake. Ulikuwa mzuri sana. Madirisha yake yalifunguka kwa madaha, na kila siku ulileta vitu vipya.

Fundi alizigeuzageuza zile flashi mkononi.

"Ni ya nani, ya kwako ao ya Maman?"

"Ya Maman."

"Basi umupe ile ya kutulia. Na ukiisha weka, funga mise à jour ya yenyewe. Ao uiambie hii mtandao ni ya simu, isikule bila ruhusa. Weye unafanyaka kazi kwenye waya, haujue vile mega zinaumaka."

Nilimjibu ndiyo, ndiyo, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Hata hivyo nilitaka kuonekana mwana wa haki. Mifumo hii ina jambo moja zuri: unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa chochote ndani ya mashine. Jumapili moja baada ya ibada nilimketisha mama mezani, nikamwashia mmoja, kisha mwingine. Ule wa madaha mama aliuangalia kwa heshima, kama mgeni aliyevaa sana. Aligusa, dirisha likaruka, akarudisha mkono. Kwa Debian alikaa muda mrefu. Alifungua mahali pa kuandika, akaandika mstari wa wimbo wa kwaya, akaufuta.

"Hii," akasema. "Hii inanitosha, Papa. Haina makelele. Minaona kwenye ntaandika, minaona kwenye ntaongea na Maman. Uniwekee hii."

"Hauoni ile ingine ni mzuri?"

"Ni mzuri. Lakini ni hii."

Kwetu mama anamwita mwanawe Papa anapombembeleza, na siku ile alinibembeleza. Usiku huohuo nikaweka ule mwingine. Nikachukua picha ya nyuma ya skrini iliyofanana, nikakuza maandishi, nikapanga alama zake mahali palepale alipoziona, ili asitambue. Asubuhi alipogundua madirisha bado yanaruka, nilimwambia zote ni ndugu, tofauti ni ndogo, atazoea. Aliniamini. Nikapiga picha ya skrini yake, nikaipeleka kundini na maneno, nimemhamisha mama yangu kwenye Linux. Walinipigia makofi sana. Hata leo nikikumbuka yale makofi nasikia uso unaniwaka.

Masasisho, ile mise à jour aliyoisema fundi, sikuyafunga. Niliyaacha yajivute yenyewe, kila mara mashine ipatapo mtandao, kwa sababu nilitaka iwe na toleo jipya daima. Kisanduku cha kusema mtandao huu ni wa kupimwa nilikiona. Kilikuwa mbele ya macho yangu. Nikakipita.

Miezi ilipita bila tatizo, na hilo lilinitia kiburi zaidi. Kumbe sababu ilikuwa nyepesi: kila Ijumaa niliibeba laptopu kwenda kazini, nikaiunganisha na waya, ikala ikashiba huko. Ikirudi nyumbani haikuwa na njaa. Mama aliunganisha simu yake asubuhi, akamwona bibi, wakasali, wakateta juu ya majirani wa Bukavu, na mega zilitosha. Aliniambia mbele ya watu wa kanisa kwamba nimemrudishia mama yake. Sikumsahihisha.

Sasa ni lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu anaweza kusema, si simu tu imekatika?

Kwetu mzee haondoki kimyakimya akiwa na fahamu. Akisikia safari imekaribia anaita watoto wake, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Kila anayeitwa lazima aitike kwa mdomo wake mwenyewe: Niko, Maman. Akishaitika ndipo mzee anampa neno lake. Hakuna kuruka zamu, na hakuna kuitikiana. Kuna ndugu wawili wa upande wa babu, mdogo alimwitikia mkubwa aliyekuwa amechelewa njiani, na mpaka wamezeeka wanagombea neno lile lilikuwa la nani. Sisi watoto tulilicheka jambo hilo. Wazazi wetu hawakucheka.

Mama ndiye mkubwa.

Ilikuwa wiki ile ya milio ya risasi Bukavu. Tuliisikia kutoka uani. Daraja lilikuwa limefungwa, simu za kawaida hazikupita kwenda kule, na mtandao wa upande wao ulikuja na kutoweka. Mama hakula vizuri. Alisimama uani na kutazama yale mabati, kana kwamba angeweza kuwahesabu watu waliomo. Laptopu aliniomba nisiibebe kwenda kazini, ibaki mezani, bibi akiweza kuongea isikosekane. Na akakataza kuunganisha mtandao kwa jambo lolote lile, mega zote zitunzwe. Nilimsifu kwa hilo. Siku zilipita, mashine imekaa mezani imefunikwa kitambaa chake cha kufuma, na masasisho yake yote yakiingoja mlangoni.

Ujumbe wa mama mdogo ulifika jioni. Ulisema bibi anataka kuwaita watoto wake, kesho saa moja asubuhi, tuwe tayari. Hakuandika zaidi, na haikuhitajika. Mama alisoma, akakaa chini, akaniuliza kama mashine iko sawa. Nikamwambia iko sawa kabisa. Sikuiwasha kuangalia.

Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani. Alijifunga kilemba, akajipaka mafuta, akaketi wima mbele ya skrini saa moja haijafika. Nikaunganisha simu yake, nikafungua kiungo, na baada ya kuzungukazunguka kidogo uso wa bibi ukatokea, mkubwa, wazi. Mama alilia palepale kwa furaha. Bibi alikuwa ameegemezwa mito. Mama mdogo alikuwa upande mmoja na mjomba wangu, anayemfuata mama kwa kuzaliwa, upande mwingine.

Bibi aliangalia mbele, akavuta pumzi, akamwita mama kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia.

Picha ikaganda. Mdomo wa bibi ulibaki nusu wazi.

"Niko, Maman!" mama akaitika. "Niko! Niko hapa!"

Sauti ikaja vipande viwili, ikakatika. Mama akasogeza uso mpaka karibu na kioo.

"Niko, Maman! Munanisikia? Niko!"

Hapo ndipo nilipoona mshale mdogo kwenye kona ya skrini. Nikaubonyeza. Orodha ikafunguka, ndefu: kikokotoo, mchezo wa karata, miandiko ya lugha nisizozijua, picha za nyuma za milima ya nchi za watu. Vyote vilikuwa vinashuka kwa mpigo kwenye mega za mama yangu. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji.

Na sasa naandika lile ambalo nimelikwepa tangu mwanzo. Mkono wangu haukwenda kusimamisha. Mkono wangu ulifunga ile orodha, haraka, mama asiione. Alikuwa anaitika kwa mama yake anayekufa, na mimi, wazo langu la kwanza lilikuwa kujificha.

"Ni rezo, Maman," nikasema, nikiusingizia mtandao. "Ni vita. Wamekata."

Aligeuka akanitazama, kisha akarudi kwenye skrini na kuendelea kuitika. Nikazunguka kwa nyuma yake, nikajifanya nashughulika na simu, nikaja kuyasimamisha yale masasisho kwa kificho wakati yeye anafuta machozi. Sijui nilipoteza dakika ngapi kwa kuvunga. Simu ikalia kidogo mkononi mwangu: ujumbe wa kampuni, mega zimekwisha.

Nilitoka mbio na ndala mguuni. Duka la karibu halikuwa limefunguliwa, nikapanda mpaka kwenye kona ya gare, nikanunua, nikarudi nikihema. Mama alikuwa hajasogea, mikono juu ya meza, bado anasema niko, lakini kwa sauti ya chini sasa. Niliunganisha. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Mtandao wa kwao ulikuwa umetoweka kweli, safari hii kweli kabisa, na haukurudi mpaka alasiri. Uliporudi ulileta ujumbe mmoja wa mama mdogo. Bibi amekwenda.

Daraja lilifunguliwa baadaye, tukavuka kwenda matanga. Huko ndiko mama mdogo alikotueleza yaliyotokea ng'ambo ya kile kioo. Bibi alimwita mkubwa mara tatu. Walimwona mama kwenye simu yao ameganda, macho makubwa, hasemi kitu. Walimsihi bibi aendelee na mjomba, halafu atamrudia mkubwa. Akakataa. Akasema, "Mungoje mukubwa wangu aitike." Wakangoja. Akachoka, akafumba macho, akalala, na hakuamka tena. Hakuna hata mtoto wake mmoja aliyepata neno.

Mjomba alipiga goti la mama kwa kiganja. "Vita, dada yangu. Ni vita ilitufanyia hivi."

Wote wakaitikia, vita, vita. Mama naye akaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, nikatamani kuzama ndani ya ardhi ya uani kwao.

Tuliporudi niliipeleka laptopu kwa fundi, nikasema sitaki hata kuigusa, aondoe kila kitu aweke Debian. Fundi aliiwasha, akafungua kumbukumbu za mashine, akasoma. Zinaandika kila kitu, siku na saa. Alijua bibi alifariki lini, Kamembe nzima ya Waswahili ilikuja kutupa pole. Akafunga kifuniko polepole.

"Ulimuambia?"

"Bado."

"Basi," akasema, na hakuniuliza tena. Kila asubuhi alinisalimia kama kawaida, na mimi nilianza kupita njia ya nyuma.

Nilikaa na jambo hilo wiki nyingi. Mama alirudi kwenye mchele wake, lakini kila baada ya siku chache aliniuliza swali lilelile, kwa maneno tofauti: unafikiri Maman aliona ninakataa kuitika? Unafikiri alikufa ananikasirikia? Nilimjibu hapana, Maman, alijua ni vita. Nikaona kwamba uongo wangu haumsaidii hata kidogo. Vita haikujibu swali lake, maana alichotaka kujua ni kama yeye alikosa. Alikuwa anajihukumu kwa kosa langu, na mimi nilikaa pale nikimpa pole.

Nilimwambia mchana mmoja, akichagua mawe kwenye ungo wa mchele. Nilisimama, sikuweza kukaa. Nilieleza yote, flashi, picha ya nyuma, kisanduku nilichokipita, mshale, na mkono wangu uliofunga ile orodha. Hilo la mkono nililisema mwisho.

Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe.

"Donc, kumbe haikukuwa ile niliyochagua."

"Hapana, Maman."

"Na haikukuwa vita."

"Ilikuwa miye."

Akaweka ungo chini. Nilingoja kofi, nilingoja kelele, ningeshukuru kwa chochote kati ya hivyo. Aliangalia ng'ambo.

"Alikuwa ananingoja miye," akasema, "na miye nilikuwa naitika." Alisema hivyo mara mbili. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge. "Bandugu yangu habatajua hii. Unasikia? Vita, baliisha kuisamehe. Weye, habatakusamehe."

"Acha niwaambie mwenyewe, Maman. Ni haki yao."

"Utanyamaza. Niliisha kosa mama. Sitakosa na mutoto."

Basi nikanyamaza, na nimenyamaza mpaka leo. Sikutegemea kwamba huo ndio ungekuwa mzigo mzito zaidi. Kila Jumapili wanakutana kwenye skrini, mama, mjomba na mama mdogo, na hawamalizi mazungumzo bila kurudi kwenye asubuhi ile. Mjomba ana uchungu kuliko wote, maana yeye alikuwa wa pili, alikuwa ameketi palepale, tayari kuitika. Wakati mwingine anauliza, ni hasira tu, lakini anauliza: dada, kweli ulikuwa unaitika? Kweli ilikuwa rezo?

Mama yangu alinichapa mara mbili tu utotoni, na mara zote mbili ilikuwa kwa sababu ya uongo. Hata forodhani, mwenzake akificha vitenge ndani ya nguo, yeye anafungua mzigo wake kabla hajaambiwa. Mjomba anapouliza, mimi huwa nipo hapo kando ya meza, nimeshika simu ya mega. Mama haniangalii.

"Ni vita, ndugu yangu," anamwambia. "Ni vita ilikata."

Mara ya kwanza aliposema hivyo sauti yake ilitetemeka. Sasa haitetemeki tena.